Mgahawa, Sinia na Sombe: Historia Fupi ya Kula Nje ya Nyumba Mjini Mpanda



Mwezi uliopita ndugu yangu mmoja, mshairi mwenye makazi yake Dar es Salaam, aliniandikia waraka mrefu akinisimulia mambo ya tumbo. Katika juma moja, alisema, amekula kwa Wahindi, kwa Wachina, kwa Waitaliano na kwa Waethiopia, bila kuuvuka mpaka wa jiji. Alisifu viungo, akasifu mapambo, akasifu hata namna wahudumu walivyoinama. Mwishoni akanitania: “Je, Mwalimu, huko kwenu Mpanda, mwisho wa reli, mtu akitaka kula vya mataifa hula wapi?”

Sikumjibu siku ile. Kesho yake asubuhi nilikwenda, kama ilivyo desturi yangu, kwa mama mmoja apikaye jirani na kituo cha reli. Ukutani pake pana ubao mweusi unaoandikwa kwa chaki. Siku hiyo uliandikwa: chai, chapati, sambusa, supu, pilau, wali maharage, ugali migebuka, kisamvu, chipsi mayai. Nimeusoma ubao huo mara nyingi kwa macho ya mtu mwenye njaa. Asubuhi ile niliusoma kwa macho ya mwalimu wa lugha, na chai yangu ikapoa mkononi.

Nataka kuwaeleza nilichokiona. Naona kwamba vyakula vya mataifa vilifika Mpanda kabla haujakuwapo mji wa Mpanda, vikafika pamoja na majina yake, na kwamba kazi yetu sisi watu wa kalamu ni kuyalinda majina hayo yote, hata yale tuliyofundishwa kuyaonea haya. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu nina deni ndani yake.

Tuanze na maneno ya kale. Nchi hii ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe iko kusini magharibi ya Tabora. Tabora, ambayo wageni wa zamani waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara: tawi moja lilikwenda Ujiji, na matawi mengine yalishuka kusini. Mwaka 1871, wakati Mtemi Mirambo alipokuwa akipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na njia ya moja kwa moja ya Ujiji haipitiki, Henry Morton Stanley aliizunguka vita hiyo kwa kupita Ukonongo, yaani katika misitu hii yetu, akaenda kumwona Livingstone. Watu wa vitabu humkumbuka Stanley. Mimi huwakumbuka zaidi wapagazi, kwa maana ndio waliobeba mizigo, na pamoja na mizigo wakabeba lugha. Kiswahili kilipanda bara kwa miguu ya watu hao, na maneno ya jikoni na ya mezani yalikuwa ndani ya furushi.

Hebu tulitazame furushi lenyewe. Pilau na biriani ni maneno yenye asili ya Uajemi. Sambusa nayo imetoka huko huko, ikapitia kwa Waarabu. Chapati na kachumbari zimetoka Bara Hindi. Chai ilianza Uchina, ikapokelewa na Waajemi na Wahindi, kisha ikashuka pwani kwetu. Birika tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa katika neno la Kiajemi lenye maana ya kumimina maji. Meza tumeachiwa na Wareno. Na sinia, ile sahani pana ambayo watu wanne au watano huizunguka wakala kwa pamoja, ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya awali ni “ya Kichina”. Kwa hiyo mtu anayesema “tuleteeni sinia moja” mjini Mpanda, bila kujua, ametaja Uchina kwa ulimi wa Kiarabu ndani ya sentensi ya Kibantu.

Wasomaji wa tenzi hawatashangaa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipolilia kuanguka kwa Pate hakusahau madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani. Alijua kwamba chombo cha chakula ni ushahidi wa historia, na kwamba mji ukifa, watu huuliza vyombo vimekwenda wapi.

Lakini tusidanganyike kwamba kila kitu ni cha kuazima. Wali, mchele na mpunga ni maneno matatu ya Kibantu kwa kitu ambacho mataifa mengi hukiita kwa neno moja tu, kikiwa shambani, kikiwa ghalani, kikiwa sahanini. Yako pia majina yanayotuongopea kwa upole. Mahindi hayakutoka Uhindini. Yalitoka Amerika, yakaletwa na merikebu za kigeni, nasi tukayaita ya Kihindi kwa kuwa wakati huo kila kilichotoka ng’ambo ya bahari kilidhaniwa kuwa cha huko. Muhogo nao ulitoka Amerika, ila ulipewa jina la hapa hapa nyumbani, na leo hakuna aukumbukaye ugeni wake. Hata ugali, basi, ambao tunauapia kuwa ni chakula cha mababu, unga wake mara nyingi ni wa mgeni aliyepewa uraia.

Sasa tutazame jina la mahali penyewe. Mgahawa umetokana na kahawa. Kiarabu cha vitabu husema qahwa, lakini katika lahaja nyingi za Ghuba herufi ile ya kwanza hutamkwa kama g. Nionavyo, kinywaji kilikuja kwetu kwa matamshi mamoja na nyumba ya kukinywea ikaja kwa matamshi mengine, nasi tukayahifadhi yote mawili bila kuyagombanisha. Hoteli tumeitoa kwa Waingereza, nao waliitoa kwa Wafaransa, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kilatini hospes. Neno hilo lilikuwa na maana mbili zinazoelekeana: mgeni na mwenyeji. Naomba mlihifadhi jambo hilo, kwani nitalirudia.

Baada ya misafara, ukurasa wa pili wa historia yetu unafunguka Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Wilaya ya Tanganyika katika mkoa huu wa Katavi. Mwaka 1879 Wabelgiji wa ile jumuiya ya Mfalme Leopold walijenga boma pale. Mwaka 1885 boma lile lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Na mwaka 1889 akafika mtu ambaye kila mtoto wa Katavi angepaswa kulijua jina lake: Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta, kisha akaja kuwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu wa Afrika Magharibi, msomi wa Malta, tabibu wa Ziwa Tanganyika! Nikimkumbuka Atiman, najiuliza ni mji gani mkubwa unaoweza kuicheka Karema kwa ushamba.

Ukurasa wa tatu ni reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madini ya risasi yaliyopatikana Mpanda yalihitaji njia ya kutokea. Tawi la reli likajengwa kutoka Kaliua, takriban kilomita 210 katikati ya misitu ya miombo, na mwaka 1950 treni ikafika Mpanda. Mji huu, ndugu zangu, ulizaliwa na mgodi na ukalelewa na reli. Mgodi wenyewe haukudumu. Ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, na abiria wakabaki, na abiria ni mtu mwenye njaa.

Hapo ndipo kula nje ya nyumba kulipokuwa jambo la kawaida kwetu. Katika jamii zetu za zamani, mtu wa heshima hakula barabarani. Mgeni alipofika alipelekwa nyumbani, na chakula hakikuwa na bei. Mgodi na reli vilileta watu wasio na nyumba ya kupelekwa: vibarua, makarani, wachuuzi wa samaki, askari wenye likizo, wanafunzi wanaosubiri treni ya kesho. Watu hao walihitaji mwenyeji wa kulipwa. Neno hoteli lilipoingia katika Kiswahili cha Tanzania halikuleta maana ya kitanda peke yake. Kwa watu wengi “kula hotelini” ni kula mahali pa kulipia, hata pakiwa ni banda la mabati na mabenchi mawili.

Kutoka katika mabanda hayo limezaliwa neno ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa maneno mazuri kabisa ya Kiswahili cha karne iliyopita: mama ntilie. Wako wanaolidharau, na katika maandishi rasmi siku hizi tunapendelea mamalishe. Sina ugomvi na mamalishe. Ni neno safi lenye maumbo yaliyonyooka. Lakini tulichambue ntilie. Mzizi ni tia. Tumeuongezea kauli ya kutendea, tukapata tilia. Tumemweka mtendewa, ni, ambaye katika mazungumzo ya haraka amepoteza irabu yake na kubaki n ya peke yake. Kisha tumeugeuza mwisho uwe wa ombi. Kwa hiyo jina la mpishi ni sauti ya mlaji: “Mama, nitilie.” Mteja amenyoosha sahani, naye anaomba kama mtoto aombavyo kwa mama yake. Biashara yote imetajwa kwa lugha ya nyumbani. Kibarua aliyekuwa mbali na mama yake alimnunua mama kwa sarafu chache, na lugha, kwa huruma yake, haikuitaja sarafu. Mshairi gani angeweza kulitunga neno hilo kwa makusudi?

Nije sasa kwenye deni langu.

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na watu kwa maelfu wakavuka kuingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika makazi makubwa. Mawili kati ya hayo yako katika mkoa wetu: Katumba, iliyoanzishwa mwaka 1973, na Mishamo, iliyoanzishwa mwaka 1978. Watu hao walifyeka misitu, wakalima, wakalisha masoko ya Mpanda. Kizazi kikazaliwa, na kingine kikazaliwa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 kati ya wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Mkoa wenyewe wa Katavi ulikuwa mchanga kuliko wengi wao. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa.

Katika miaka ya 1990 nilifundisha Kiswahili. Siku moja niliwapa wanafunzi insha iitwayo “Chakula nikipendacho”. Kijana mmoja aliyetoka Katumba aliandika kurasa mbili juu ya sombe: jinsi mama yake anavyotwanga majani ya muhogo katika kinu alfajiri, jinsi yanavyochemka kwa muda mrefu, jinsi mafuta ya mawese yanavyotiwa mwishoni mpaka mboga ikang’aa. Ilikuwa insha nzuri kuliko zote darasani. Nami niliichukua kalamu nyekundu, nikalikata neno sombe kila lilipotokea, nikaandika juu yake: kisamvu. Kisha nikampunguzia alama. Niliporudisha madaftari, kijana alilitazama lake, akalifunga, na mwaka mzima uliobaki hakuandika tena jambo lolote la nyumbani kwao. Aliandika juu ya mpira, juu ya faida za misitu, juu ya mambo ambayo hakuna awezaye kuyakosoa.

Nilidhani ninakilinda Kiswahili. Sikujua kwamba ng’ambo ya ziwa, kuanzia Kivu mpaka Katanga, wako mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wanaoiita mboga hiyo sombe, kama Warundi wanavyoiita isombe. Sikujiuliza hata jambo lililo wazi zaidi: samaki wadogo tunaowaita dagaa huitwa ndagala Kongo na indagara Burundi. Ni neno moja lililozunguka ziwa lote. Wavuvi wa Karema hawakulikosa neno hilo kwa jirani zao wala hawakuliomba ruhusa. Maji yale yana nchi nne ufukweni mwake, na vyungu vya ufukweni vinaelewana kuliko kamusi zetu.

Turudi kwa yule mama wa jirani na kituo cha reli. Biashara yake imenyooka, naye amepanga chumba cha matofali. Mwanawe, kijana wa siku hizi, alitaka ubao mpya uandikwe kwa Kiingereza, na jina la mahali liwe na neno la kuonyesha kuwa hapa ni pa kimataifa. Mama alikuja kwangu na karatasi. “Mwalimu,” alisema, “wewe ndiwe mwenye mwandiko. Niandikie, lakini uniandikie maneno ambayo wateja wangu watayasoma bila kuona haya.”

Tuliketi tukaipitia orodha. Tulipofika kwenye kisamvu, nilimwuliza nyumbani kwake wanakiitaje. Alinitazama kidogo kabla ya kujibu. Nilijua alizaliwa Katumba, ila hatukuwa tumelizungumza jambo hilo hata mara moja katika miaka yote ambayo nimekunywa chai yake.

“Nyumbani ni sombe,” alisema.

“Basi tuandike sombe,” nilimwambia. Nilikuwa na shauku, kama mtu aliyepata nafasi ya kulipa.

Akatikisa kichwa. “Mwalimu, hilo tuliache nyumbani. Mtu akilisoma hapo ukutani, kabla hajala ataanza kuniuliza nilitoka wapi. Cheti changu ninacho sandukuni. Sitaki kukitundika ukutani pamoja na mboga.”

Nilinyamaza. Nilitambua kwamba kalamu yangu nyekundu ilikuwa moja tu miongoni mwa kalamu nyingi, na kwamba haki ya kulitaja jina la chakula chake ni yake, si yangu. Nilipolikata neno la kijana yule nilimnyang’anya uamuzi. Kama ningelilazimisha neno hilo kwenye ubao wa mama huyu, ningekuwa ninarudia kosa lile lile kwa nia njema. Tukafikiri pamoja. Mwishowe yeye mwenyewe akasema: “Andika ‘kisamvu cha mawese’. Anayejua atajua.” Nikaandika hivyo kwa herufi kubwa. Kuhusu jina la mahali, mwanawe alishindwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Pameandikwa “Mgahawa”, na chini yake, kwa ombi la mama, “Karibu Mgeni”.

Hapa ndipo ninapoirudia hospes. Warumi walitumia neno moja kwa mgeni na kwa mwenyeji. Kiswahili kina maneno mawili, lakini katika mji kama wetu watu hao hubadilishana nafasi bila kutangaza. Mwenyeji anayenikaribisha asubuhi ni binti wa watu waliofika wakiwa wageni. Mteja wa meza ya pili ni mfugaji Msukuma aliyehamia na ng’ombe wake, ambaye huagiza chai na kutoa michembe yake mwenyewe mfukoni. Wa meza ya tatu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, na wa nne ni mchuuzi wa migebuka aliyepanda kutoka ziwani. Mimi mwenyewe nilikuja Mpanda kwa treni, nikiwa mwalimu mgeni mwenye sanduku la bati, na chakula changu cha kwanza katika mji huu nilikila kwenye benchi la kituo, kwa mama ambaye sikulijua jina lake. Nilisema, “Nitilie,” naye akanitilia.

Hili ndilo jibu langu kwa ndugu yangu wa Dar es Salaam. Nafurahi kwamba anakula kwa mataifa manne kwa juma. Nami nakula kwa Waajemi, Wahindi, Waarabu, Wachina, Wareno, Waingereza na Warundi kwa asubuhi moja, kwenye benchi moja, na bei inabaki ile ile.

Kwenu washairi nina ombi. Kila mmoja wenu akusanye majina ya vyakula vya pale alipo, kama yanavyotamkwa na wapikaji, na ayaandike pamoja na maelezo ya upishi, kabla hayajafunikwa na majina ya kwenye mabango. Mkikutana na jina msilolijua, msilikate. Ulizeni kwanza, na mwenye jina akitaka kulificha, mwacheni alifiche mpaka siku atakayoona salama. Kama kijana wangu wa insha bado anasoma Kiswahili popote alipo, ajue kwamba zile alama nilimwibia, na kwamba insha yake naikumbuka mpaka leo, pamoja na kinu na alfajiri.

Nafunga kwa ubeti mmoja nilioutunga nikirudi kutoka kwa mama, baada ya kuutundika ubao:

Mgahawa si jengole, mgahawa ni wageni,
Wa leo nao wa kale, wakutanao mezani,
Neno tusifute lile, lisemwalo mpakani,
Sombe na itajwe mbele, kisamvu ki ubavuni.

Wasalaam.